Maji ya Barafu kwa Miguu ya Mwendesha Baiskeli: Mjadala wa Sauti Nne

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Wanaume waliowania taji kubwa walipewa kilomita 267.5 za vilima juu ya vilima. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akiwatangulia. Zile zilikuwa mbio za siku moja, na aliyemaliza aliweza kulala kutwa nzima kesho yake. Lakini nchi hiyohiyo ina Tour du Rwanda, ambayo kila Februari huwaamsha washindani asubuhi baada ya asubuhi kwa muda wa wiki nzima, wakapande tena milima kwa miguu ya jana.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowagawa waendesha baiskeli: kukaa kwenye maji ya barafu baada ya kazi ngumu kunairudisha miguu, au ni kujitesa bure?

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti nne, nilizozitunga kutokana na hoja zinazosikika kila waendesha baiskeli wanapokaa pamoja. Mshindani ni binti anayejiandaa kwa mbio za siku nyingi. Kocha ni mzee aliyelea vijana wengi barabarani. Tabibu ni mtaalamu wa viungo na misuli. Mchukuzi hubeba mkaa kwa baiskeli kutoka Kisarawe kuingia Dar es Salaam. Tafiti wanazozitaja ni za kweli. Hukumu nitaitoa mwenyewe mwishoni.

Maumivu yanatoka wapi?

MSHINDANI: Shikamoo Kocha, shikamoo Daktari. Naomba nianze, maana miguu inayojadiliwa hapa ni yangu. Nikitoka milimani baada ya saa tano juu ya siti, jioni bado naweza kupanda ngazi. Kesho yake ndipo mapaja yanapokataa. Nikikaa ndani ya pipa la maji ya barafu dakika kumi na kitu, usiku nalala vizuri na asubuhi miguu inanitii. Wala si mimi peke yangu. Paula Radcliffe wa Uingereza alishinda mita 10,000 kwenye mashindano ya Ulaya mjini Munich mwaka 2002, na alieleza hadharani kwamba maji ya barafu yalikuwa sehemu ya maandalizi yake. Tangu hapo wanariadha wengi wamemfuata.

KOCHA: Marahaba, mwanangu. Shahidi uliyemleta ni mkubwa, lakini ni mkimbiaji. Mguu wa mkimbiaji na mguu wa mwendesha baiskeli haiumii kwa njia moja. Mkimbiaji kila anapotua, misuli ya paja inavutwa huku imekaza, na hapo ndipo inapoumizwa. Ndiyo maana anayeshuka Kilimanjaro huugua mapaja kuliko alivyougua akipanda. Wewe ukikanyaga pedali, misuli inakaza huku ikifupika. Haipokei kishindo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokiita maumivu ni uchovu tu: umetumia akiba yako ikaisha.

TABIBU: Kocha amesema kweli, ila niongeze jambo. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mavune ya kesho yake yanaletwa na asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli. Si hivyo. Laktiki hurudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kushuka kwenye baiskeli. Tangu mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough aliandika kwamba maumivu yanayochelewa chanzo chake ni michaniko midogo ndani ya misuli yenyewe. Michaniko hiyo huamsha uvimbe mdogo, na maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na saa 72. Mwendesha baiskeli huyapata kidogo kuliko mkimbiaji, lakini huyapata: akianza msimu baada ya mapumziko marefu, akikanyaga gia nzito kuliko alivyozoea, au akiongeza mazoezi ya kunyanyua vyuma.

KOCHA: Basi tukubaliane kwanza kuwa tunazungumzia vitu viwili. Kuna maumivu, na kuna uchovu. Mtu akiniambia barafu inaondoa maumivu, nitamsikiliza. Akiniambia inarudisha nguvu, nitamdai ushahidi.

Baridi inafanya nini?

MSHINDANI: Daktari, tueleze basi. Nikiingia kwenye pipa, nini kinatokea ndani ya mguu?

TABIBU: Mambo matatu. La kwanza ni baridi yenyewe. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa. Mishipa ya damu karibu na ngozi hubana, na neva zinazopeleka habari za maumivu hufanya kazi polepole. Ndiyo sababu unatoka ukiwa na ganzi na nafuu. La pili ni uzito wa maji. Mtu aliyesimama kwenye maji hadi kiunoni, miguu yake inabanwa kutoka chini kwenda juu, na maji yaliyojikusanya kwenye tishu husukumwa kurudi kwenye damu. Hilo hutokea hata maji yasipokuwa ya baridi. La tatu ni joto la ndani ya mwili: aliyepigwa na jua kwa muda wa saa nne hushuka joto haraka, na mwili ukipoa, hata usingizi huja kwa urahisi.

MSHINDANI: Na ushahidi?

TABIBU: Upo. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio madogo 17 yenye washiriki 366. Walikuta kwamba waliokaa kwenye maji baridi baada ya mazoezi waliumwa kidogo kuliko waliopumzika tu, na tofauti ilionekana kuanzia siku ya kwanza hadi ya nne. Maji yaliyotumika mengi yalikuwa ya nyuzi 10 hadi 15. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016 ulielekeza kwenye nyuzi 11 hadi 15 kwa dakika 11 hadi 15. Kwa hiyo anayejaza barafu mpaka maji yagande juu anajitesa kupita kiasi kinachohitajika.

KOCHA: Hao waliopumzika tu walijua kwamba hawakuingia kwenye barafu?

TABIBU: Walijua.

KOCHA: Basi hapo pana mlango wazi, nami nitaupitia.

Je, ni imani tu?

KOCHA: Huwezi kumficha mtu kwamba amekaa kwenye barafu. Kidonge unaweza kukiiga kwa unga, lakini baridi huwezi kuiiga. Kwa hiyo anayetoka kwenye pipa anatoka na matarajio. Nasikia huko Melbourne, Australia, kuna watu waliolipima jambo hilo, na waliopimwa walikuwa juu ya baiskeli. Daktari, sema kama nakosea.

TABIBU: Hukosei. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wanaume 30 walikanyaga baiskeli kwa nguvu zote, vipindi vinne vya sekunde 30. Kisha wakagawanywa makundi matatu, dakika 15 kila mmoja. Wa kwanza waliingia kwenye maji ya nyuzi 10. Wa pili waliingia kwenye maji ya uvuguvugu. Wa tatu nao waliingia kwenye maji ya uvuguvugu, lakini mbele ya macho yao yakatiwa sabuni ya kawaida ya ngozi, wakaambiwa kuwa ni mafuta maalumu ya kurudisha nguvu. Kundi la sabuni lilirudisha nguvu za miguu sawa na kundi la barafu. Wale wa uvuguvugu mtupu walibaki nyuma.

KOCHA: Umesikia, mwanangu? Kilichowarudisha ni kuamini.

MSHINDANI: Nimesikia, Kocha, lakini hapo tunatofautiana. Kama kuamini kunarudisha nguvu, hizo nguvu zilizorudi ni za kweli. Zilipimwa kwa mashine. Kesho asubuhi kwenye mstari wa kuanzia hakuna atakayeniuliza nguvu zangu zimetokana na nini. Na nikipanda mlima nikijua kwamba jana nilifanya kila linalowezekana kuitunza miguu, napanda tofauti na aliyelala kwa wasiwasi.

KOCHA: Kweli, lakini imani ni kitu ambacho kocha anaweza kukijenga bila kununua gunia la barafu. Kijana anayeamini pipa akalikosa siku ya mbio, tayari ameshindwa. Mimi nataka aamini mazoezi yake, chakula chake na usingizi wake, kwa sababu hivyo vitatu vipo kila anapokwenda.

TABIBU: Jaribio lile lilikuwa moja, la watu 30, la kazi ya muda mfupi. Linatuonya tusidai makubwa. Halijathibitisha kwamba baridi haina kazi.

Kesho, au mwakani?

KOCHA: Sasa nije kwenye hoja yangu nzito. Mazoezi ni nini? Ni kuuumiza mwili kwa kipimo ili ujijenge upya ukiwa imara zaidi. Ule uvimbe mdogo aliousema Daktari ndio unaowaita mafundi wa mwili kuja kukarabati. Wewe kila jioni unakwenda kuuzima. Unamfukuza fundi kabla hajashika nyundo! Hata daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyetoa mwaka 1978 ule ushauri maarufu wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua kiungo kilichoumia, mwaka 2014 alirudi akasema barafu inaweza kuchelewesha kupona.

TABIBU: Ushahidi wenye nguvu zaidi upande wa Kocha ulitoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2015. Wanaume 21 walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Baada ya kila zoezi, wengine walikaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10, wengine wakakanyaga baiskeli taratibu. Mwisho wa wiki 12, waliokanyaga taratibu walikuwa wamejenga misuli na nguvu zaidi kuliko wa maji baridi. Ndani ya misuli, ishara zinazoagiza ujenzi zilikuwa zimefifia kwa waliopozwa.

MSHINDANI: Lakini hao walikuwa wanyanyua vyuma! Kocha alinikataza kumleta shahidi mkimbiaji, sasa yeye ameleta mnyanyua vyuma. Wapo waendesha baiskeli waliopimwa?

TABIBU: Umeuliza swali lenyewe. Wapo. Shona Halson na wenzake, nao wa Australia, waliwafuatilia waendesha baiskeli 34 wa mashindano kwa siku 39. Katikati kulikuwa na wiki tatu za mazoezi makali kuliko kawaida. Nusu yao walikaa kwenye maji ya nyuzi 15 kwa dakika 15, mara nne kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2014: maji baridi hayakuwapunguzia waendesha baiskeli faida ya mazoezi, na kwenye mbio fupi za kasi yalielekea hata kuwasaidia.

MSHINDANI: Kocha umesikia.

KOCHA: Nimesikia. Ila tofauti iko wazi: kujenga pumzi na kujenga misuli si kazi moja. Baridi haigusi sana ya kwanza, inagusa ya pili. Sasa wewe Jumanne na Ijumaa nakupeleka kwenye vyuma ili mapaja yapate nguvu ya kupandia milima. Jioni ya siku hizo unaingia kwenye pipa. Si ndiyo hapo tunapopoteza?

MSHINDANI: Siku za vyuma nakukubalia. Lakini kwenye mbio za wiki nzima sijengi kitu, Kocha. Nalinda nilichojenga. Hapo mafundi wako wa mwili watasubiri mpaka mbio ziishe.

TABIBU: Na hilo lina ushahidi wake. Mwaka 2008 Joanna Vaile na wenzake waliwapandisha waendesha baiskeli 12 siku tano mfululizo, dakika 105 kila siku, zikiwa na mbio fupi za kasi nyingi ndani yake. Kila mmoja alijaribu njia nne, kila njia kwa siku zake tano: kukaa tu, maji ya moto, maji baridi ya nyuzi 15, na kubadilishana moto na baridi, dakika 14 kila mara. Waliopitia maji baridi, na waliobadilishana, waliilinda kasi yao siku hadi siku kuliko walipokaa tu au kuingia kwenye maji ya moto.

KOCHA: Hapo nainamisha kichwa. Kwenye mbio za siku nyingi, aingie.

Wazee walikanda kwa maji ya moto

MCHUKUZI: Naomba na mimi niseme neno. Kwetu mtu akiwa na mavune hukandwa kwa maji ya moto. Mama mzazi hukandwa. Aliyetoka shambani hukandwa. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Leo mnatuambia wote walikosea?

TABIBU: Hawakukosea, kaka. Joto hulegeza misuli iliyokakamaa na huleta damu. Watafiti wa Sweden walichapisha mwaka 2017 jaribio la watu wachache waliochosha mikono yao kwenye baiskeli ya mkono, kisha wakala wanga huku mikono yao ikipashwa joto au kupozwa kwa saa mbili. Iliyopashwa joto ilirudi kwenye kazi ikiwa na nguvu zaidi, iliyopozwa ikawa nyuma. Inaonekana joto linasaidia misuli kujaza akiba yake ya wanga, yaani glikojeni. Kwa hiyo anayepumzika siku mbili au tatu kabla ya kurudi barabarani, kukandwa kwa maji ya moto jioni ni jambo jema. Ila asikande mguu ulioteguka au kuvimba siku hiyohiyo, wala asiingie kwenye maji ya moto mwili wake ukiwa bado unawaka kwa jua.

KOCHA: Na hiyo glikojeni ndiyo niliyokuwa naisema tangu mwanzo. Hakuna barafu inayojaza wanga. Kijana wa kilo 60 anatakiwa kupata gramu 60 hadi 72 za wanga kila saa, katika saa nne za kwanza baada ya mbio ngumu, ikiwa atapanda tena kesho. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Nimewaona vijana wakitetemeka kwenye pipa tumbo likiwa tupu, uji ukipoa jikoni. Huko ni kuanzia mwisho.

Barafu ya nani?

MCHUKUZI: Kocha na Daktari, na wewe dada, nimewasikiliza kwa makini. Mimi sipandi baiskeli kwa kombe. Napanda alfajiri nikiwa na magunia nyuma, mlima nausukuma kwa miguu, na nikifika mjini jua limeshakuwa kali. Kesho nakwenda tena. Mbio zangu hazina siku ya mwisho. Hiyo barafu mnayoisema itanifikaje?

TABIBU: Tuihesabu kwa uwazi. Maji ya Dar es Salaam yakikaa kwenye pipa hufika nyuzi 27 hivi. Ukitaka kushusha lita 100 hadi nyuzi 13, unahitaji barafu kama kilo 15, na siku ya pili upya. Barafu hiyohiyo ndiyo inayogombewa na wauza samaki pale soko la Feri. Kwa mtu anayeishi kwa mkaa, si haki kumwambia hiyo ndiyo njia ya kupona.

MSHINDANI: Na bahari je? Kaka anaweza kuingia jioni bila gharama.

TABIBU: Bahari ya Hindi pwani yetu ni ya nyuzi 25 na zaidi, kwa hiyo baridi hataipata. Lakini ule uzito wa maji ataupata, akitembea taratibu kwenye maji ya kiunoni robo saa, na hata hilo hupunguza uvimbe wa miguu. Wenzetu wa Njombe mwezi Juni na Julai hawahitaji barafu. Pipa likilala nje, alfajiri lina baridi ya kutosha.

KOCHA: Kwa kaka yangu mimi naona dawa ni nyingine. Alale mchana jua linapowaka, ale vya kutosha, ainue miguu ukutani dakika kadhaa anapofika, na gunia moja lipungue. Miguu inayochoka kila siku bila kupona haiombi barafu. Inaomba mzigo upungue.

MCHUKUZI: Gunia likipungua, na chakula nyumbani kinapungua. Mchumia juani hulia kivulini, lakini kivuli chenyewe bado hatujakiona. Ila kuna jambo moja nataka kuuliza. Mwenzetu mmoja alianguka barabarani adhuhuri. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama chuma, maneno yake hayaeleweki. Tulimweka kivulini tukamsubirisha gari. Hapo maji baridi yangemfaa?

TABIBU: Kaka, hapo ndipo maji baridi yasipobishaniwa na mtu yeyote. Huyo ana dalili za kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuchanganyikiwa, kila dakika ina thamani. Unamzamisha kwenye maji ya barafu mpaka shingoni, mtu akimshika kichwa kisizame, na joto linatakiwa kushuka chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Unapoza kwanza, hospitali baadaye. Kwenye mbio za Falmouth huko Massachusetts, Marekani, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto walitibiwa hivyo katika miaka 18, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Pasipo na barafu wala pipa, mwagieni maji mengi mfululizo, kisha mpepeeni kwa nguvu mpaka gari lifike. Msimpe maji ya kunywa mtu ambaye hajitambui.

KOCHA: Basi tumebishana muda wote huu kuhusu miguu, na kumbe kazi kubwa ya pipa lile ni kuokoa roho.

Hatari zilizojificha majini

MSHINDANI: Kabla hatujafunga, Daktari, nani asiingie?

TABIBU: Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilotulia asiingie bila ruhusa ya daktari wake. Mwili unapoguswa na maji baridi ghafla, pumzi hukatika na moyo hukimbia. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth amelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi: mshtuko hufika kileleni katika nusu dakika ya kwanza, kisha hutulia ndani ya dakika mbili tatu. Kwa hiyo ingia taratibu, miguu kwanza, maji yaishie kiunoni, na usiwe peke yako. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asiingie kabisa, maana hatajua ngozi inapoungua kwa baridi. Aliyeanguka akachubuka asitumbukie kwenye pipa wanaloingia wengine.

KOCHA: Na mto je? Vijana wangu wanapenda mito.

TABIBU: Hapo naomba wenzetu wa kanda ya ziwa wanisikie. Anayekaa robo saa kwenye maji yaliyotulia ya Ziwa Viktoria, au kwenye bwawa na mfereji wenye konokono, anaupa ugonjwa wa kichocho muda wote unaouhitaji. Vijidudu vyake hupenya ngozi nzima bila jeraha. Chota maji, yaache kwenye pipa safi siku mbili, ndipo uyatumie. Mwendesha baiskeli anayetafuta nafuu ya siku moja asirudi nyumbani na ugonjwa wa miaka.

Hukumu

Nimewasikiliza wote wanne, na nasimama hapa.

Maji baridi yanapunguza maumivu. Hilo lina ushahidi wa kutosha, hata kama sehemu ya nafuu inatoka kwenye imani ya mtu. Hayamrudishii mwendesha baiskeli nguvu alizozimaliza. Nguvu hizo zinarudishwa na wanga, maji ya kunywa na usingizi, na anayekosa hivyo vitatu hana sababu ya kulitazama pipa. Mshindani ana haki ndani ya mbio za siku nyingi na kwenye siku za jua kali: nyuzi 11 hadi 15, dakika 10 hadi 15, mpaka kiunoni, baada ya kukanyaga taratibu na kula. Kocha ana haki katika miezi ya kujenga, hasa siku za vyuma: hapo pipa likae tupu, mwili uachwe ufanye kazi yake. Wazee waliokanda kwa maji ya moto wana haki kwa anayepumzika.

Mchukuzi ndiye aliyenifundisha zaidi. Tumelichukulia pipa la barafu kuwa anasa ya bingwa anayetaka sekunde chache, ilhali kazi yake iliyothibitika kuliko zote ni kumwokoa mtu aliyezidiwa na joto, awe amevaa jezi au amebeba mkaa. Kwa hiyo ombi langu kwa vyama vya baiskeli, kwa waandaaji wa mbio na kwa halmashauri zinazotoa vibali ni moja. Mbio zozote zinazofanyika kwenye joto zisianze mpaka kuwe na pipa kubwa la maji ya barafu pale mwisho wa mbio, na mtu aliyefundishwa kulitumia. Aliyezidiwa na joto atumbukizwe kwanza. Miguu inayouma isubiri zamu yake.